Uzi wa Buluu Ndani ya Waya

Inspekta Georgina Kokushubira alihesabu vile vibati mara ya tatu, akapata vitano. Akavipanga tena kifunikoni mwa sanduku, akavihesabu kwa kidole. Vitano.

"Havitaongezeka, Inspekta," alisema Nahodha Wenceslaus Kazimoto, amesimama mlangoni mwa chumba cha ramani, kofia mkononi. "Ni vitano tangu nilipokabidhiwa meli."

Kila kibati cha shaba kilikuwa kimefungwa kwenye kipande cha waya wa chuma chenye urefu wa mkono. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa wanamaji waliounda meli hii huko kaskazini kwenye baridi, mwaka 1978, ili ishushe vyombo kwenye vina vya bahari ambako jua halifiki. Waya wa winchi ukichoka, unatolewa; kipande chake cha mwisho kinakatwa, kinafungwa kibati chenye tarehe na kutunzwa sandukuni, kusudi wanaokuja baadaye wauone ulivyokufa. Meli ikazeeka, ikauzwa, ikakatwa mapande kumi na moja, ikapandishwa malori mpaka Itungi. Hapo ikaungwa upya, ikapewa jina la Lufilyo na kuwekwa chini ya Taasisi ya Vina vya Ziwa, ije ichote tope la chini ya Ziwa Nyasa. Sanduku lilikuja nayo. Kitabu cha historia ya meli kilikuja pia, kinene, jalada lake limekakamaa kwa chumvi ya bahari ambazo Kyela hakuna aliyeziona.

"Nisomee tena hapa," alisema Georgina.

Nahodha alivaa miwani. Alikuwa mtu wa Kigoma, mwembamba, na alikipenda kitabu kile kupita kiasi. Alikuwa ametafsiri karibu kila ukurasa kwa penseli pembeni. "Kila waya wa jeshi la wanamaji umesokotwa na uzi mmoja wa buluu moyoni, ili ukiibiwa na kuuzwa ujulikane ni mali ya jeshi. Unaona? Walikuwa watu makini."

"Na huku mwisho?"

"Tarehe 14 Machi 2023. Waya wa zamani umetolewa, waya mpya wa mita mia sita umefungwa. Fundi, Nelson Mwaipopo. Nahodha, mimi."

Nelson Mwaipopo ndiye aliyekuwa amelala kaburini siku ya tisa leo. Walikuwa wanapandisha tope kutoka mita mia tano, mkabala na Matema, waya ukakatika, ukarudi kwenye sitaha na kumpiga kifuani. Aliyekuwa ameshika usukani wa winchi ni Hezroni Mwakalinga, na Hezroni alikuwa mahabusu kwa kosa la kuua bila kukusudia. Hoja ilikuwa nyepesi kabisa. Waya wa miaka miwili haukatiki wenyewe. Hukatika mtu akiuvuta kama mwendawazimu. Kesho saa tatu asubuhi anapandishwa kizimbani, na mwenyewe tangu akamatwe hajajitetea hata kwa neno moja. Hilo ndilo lililomkosesha Georgina usingizi. Mtu mwenye hatia huwa na maneno mengi.

"Nahodha, kibati cha mwisho hapa ni cha mwaka 1986. Kama mwaka 2023 mlitoa waya, kipande chake kiko wapi?"

"Sikuwepo. Nilikuwa Mwanza kwenye mafunzo. Nadhani Nelson aliuuza kama chuma chakavu, wote."

"Ukasaini kitu usichokiona."

"Nilimwamini fundi wangu."

Georgina alitoka mpaka kwenye sitaha ya nyuma. Manyunyu yalikuwa yanashuka. Mtu wa Kyela ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza ipi, kwa sababu zipo za aina nyingi na hii ilikuwa ile ya kutokukata tamaa. Ngoma ya winchi, ule mviringo mkubwa unaojizungushia waya, ilikuwa tupu.

"Na huu uliokatika juzi? Ulikatika juu ya sitaha. Uliobaki kwenye ngoma uko wapi?"

"Niliukata, nikautupa majini jioni ileile. Ulikuwa umechanua miiba kila upande. Ungemkata mtu mwingine."

"Bila kuhifadhi kipande?"

Nahodha alifuta miwani yake kwa ncha ya shati. Aliifuta muda mrefu. "Mtu alikuwa amekufa, Inspekta. Sikuwaza vibati."

Jibu lilikuwa la kibinadamu, na Georgina hakulipenda.

Koplo Nsajigwa alikuwa anamsubiri garini, anakula ndizi ya kuchoma. Alibakiza mwaka mmoja astaafu, mzaliwa wa hapahapa Ipyana, na alimtania Georgina tangu siku ya kwanza kwamba ziwa lao la Bukoba ni sinia la kuoshea vyombo. Ziwa ni hili. Leo hakutania.

"Kasumulu," alisema Georgina. "Kama waya mpya ulinunuliwa, uliingilia mpakani. Mimi nasema haujawahi kununuliwa. Nelson na nahodha waliandika uongo, pesa za taasisi zikaliwa, meli ikaendelea na waya wa enzi za wanamaji. Kibati cha sita hakipo kwa sababu hakuna kilichotolewa."

"Sawa, afande," alisema Nsajigwa, akawasha gari.

Njia nzima Georgina hakutulia. Alifungua faili, akalifunga. Akapiga simu kituoni kuuliza kama Hezroni amekula, hajala. Huko nje watu walikuwa wanakimbiza mbegu za kokoa zisilowe, wanakunja mikeka, na mpunga ulisimama majini mpaka upeo wa macho. Nsajigwa alipofika njia panda ya Ipyana alikata kushoto, barabara ya kuzunguka.

"Si tungenyoosha hapa?"

"Pana matope, afande."

Pale Kasumulu malori yalikuwa yamepangana hadi karibu na mto Songwe. Ofisa wa forodha aliitwa Catheline, mwanamke mtaratibu mwenye shali mabegani. Alimkaribisha kiti, akatafuta kwenye kompyuta, akaona haitoshi, akaenda kabatini akarudi na jalada la karatasi.

"Huu hapa. Tarehe 11 Februari 2023. Waya wa chuma, ngoma moja, mita mia sita, milimita kumi na mbili. Aliyepokea, Nelson Mwaipopo. Ulilipiwa kila kitu."

Georgina aliushika ule ukurasa kwa mikono miwili. "Una uhakika uliingia? Siyo karatasi tu?"

"Dada yangu, niliukagua mwenyewe. Cheti cha kiwanda hiki hapa. Kinasema una uzi wa kijani katikati, na mimi nilichungulia ncha nikauona. Nakumbuka kwa sababu ile ngoma ilituchukua watu wanane kuishusha."

Basi dhana ya asubuhi nzima ikafa palepale juu ya meza ya forodha. Waya ulinunuliwa. Waya ulifika. Na kama ulifika, Hezroni alikuwa amekwisha. Simu ikaita; mkuu wa kituo.

"Georgina, hilo jalada la kesi bado liko mikononi mwako?"

"Bado, afande."

"Unatafuta nini Kasumulu? Mtu hajakana. Ikifika saa kumi na mbili jioni lisipokuwa mezani kwangu, kesho utaniambia kwa nini."

Alirudi garini amenuna. Aliudhika na mkuu, akaudhika na mvua, na zaidi ya yote akajiudhi mwenyewe kwa kuipenda dhana yake kuliko ushahidi. Kisha akakumbuka kwamba ushahidi wenyewe hakuwahi kuukagua vizuri. Jaketi la kuokolea maisha la Nelson lilikuwa stoo ya vielelezo, limefungwa kwenye mfuko wa sandarusi tangu siku ya tukio. Daktari ndiye aliyeliangalia, na daktari alikuwa anatafuta sababu ya kifo, si aina ya waya.

Saa nane na nusu alikuwa stoo, amevaa glavu, amelitandaza jaketi juu ya gazeti. Waya ulikuwa umelipasua kutoka bega la kushoto hadi kwenye mbavu. Alipekua mpasuko kwa kibano, polepole, sifongo kwa sifongo. Karibu na zipu akakuta unywele mmoja wa chuma umechoma kitambaa. Akauvuta. Ulikuwa na kutu nyekundu, kutu iliyoingia mpaka ndani. Ukaja umekokota kitu kidogo kilicholegea.

Alikipeleka dirishani. Kilikuwa kimechakaa, kimenyonya grisi mpaka karibu kuwa cheusi. Alikisugua kwa pamba na spiriti.

Buluu.

Georgina alikaa chini. Waya uliomuua Nelson Mwaipopo ulikuwa wa wanamaji, umri wake karibu miaka arobaini. Waya mpya, wenye uzi wa kijani, haukuwahi kufungwa kwenye ile winchi. Na nahodha aliyekata mabaki jioni ileile akayatupa ziwani, yeye mtu wa vibati na penseli, alijua alichokuwa anakitupa. Aliuona uzi wa buluu kwenye sitaha yake, akaiona sahihi yake kitabuni, akamwacha Hezroni abebe.

Lakini hilo lilikuwa nusu. Wakili yeyote angemuuliza: huo waya mpya uko wapi? Kama hana jibu, unywele mmoja wa chuma ungeitwa takataka iliyookotwa sitahani.

Alimtoa Hezroni mahabusu, akamketisha kwenye chumba kidogo nyuma ya kaunta. Mwanamume wa miaka thelathini na sita, mabega mapana, ndevu zimeota ovyo. Alikalia ncha ya kiti.

"Hujala."

"Sina hamu, afande."

"Waya uliokatika ulikuwa wa zamani. Ninao ushahidi. Wewe unajua, sivyo?"

Hezroni alikwangua ukingo wa meza kwa ukucha.

"Mkeo Tusajigwa amekuja hapa mara nne. Anasema hulewi, huna ugomvi na mtu, na Nelson mlikua naye, mkaingia kipaimara siku moja. Hezroni, kesho wataniambia niseme uliuvuta kwa fujo. Uliuvuta kwa fujo?"

"Hapana." Neno la kwanza kwa siku tisa.

"Sasa kwa nini hukusema?"

Hezroni aliangalia mikono yake. "Matanga hayajaondolewa. Mama yake bado analala chini, kwenye mkeka. Watu wamejaa pale uwanjani. Unataka niseme nini juu ya Nelson, huku mama yake analala chini?"

"Kwa hiyo kuna la kusema juu ya Nelson."

"Sijasema hivyo."

"Waya mpya aliupeleka wapi? Aliuuza?"

Hapo Hezroni aliinua uso, na kwa mara ya kwanza alikuwa na hasira. "Nelson hajauza hata msumari."

"Basi niambie uliko, niuchukue, wewe utoke."

"Ukiuchukua, watapita wapi?"

Alijishtukia akafunga mdomo, lakini lilikuwa limeshatoka. Georgina hakuuliza tena. Alimwagizia chai na maandazi, akamwambia ale, akatoka moja kwa moja hadi garini. Nsajigwa alikuwa amelaza kiti.

"Koplo. Asubuhi pale njia panda uliniambia pana matope."

"Ndiyo, afande."

"Mvua imenyesha barabara zote mbili. Mbona ile ndefu haikuwa na matope?"

Nsajigwa alinyanyua kiti taratibu. Alishika usukani bila kuwasha gari. "Nina wajukuu wawili wanasoma shule ya ng'ambo ya mto," alisema. "Mwaka juzi, mwezi wa kwanza, mto ulichukua daraja la magogo. Ukachukua na mtoto wa darasa la pili. Tuliandika barua mpaka wino ukaisha. Halafu Pasaka ile daraja likasimama. Hatukuuliza waya umetoka wapi. Nani angeuliza?"

"Ulijua ni wa meli?"

"Nilijua ni wa Nelson. Wa meli nilianza kujua leo asubuhi, ulipotaja mita mia sita. Nikazunguka. Nisamehe, afande."

Alistahili kuandikiwa taarifa. Georgina alimtazama yule mzee, masikio yake makubwa, akasema, "Nyoosha njia ya Ipyana. Kwa matope hayohayo."

Daraja lilikuwa mita mia moja kutoka kwenye uwanja wa msiba. Daraja la kuning'inia, mbao zimepangwa juu ya nyaya, nyaya nyingine za kushikilia kwa mikono, na pande zote mbili zimezungushwa kwenye nguzo za zege. Limefungwa na mtu anayejua kazi. Chini, mto ulikuwa umefura, rangi ya chai ya maziwa. Watoto wa shule walikuwa wanarudi, mabegi vichwani, wanapita wawiliwawili kama walivyofundishwa. Mmoja alimwamkia Georgina. Alisubiri wapite wote, kisha akapiga magoti kwenye nguzo, akatafuta ncha ya waya chini ya kibanio, akaifungua kidogo kwa kisu.

Uzi wa kijani, msafi kama jana.

Sheria ilikuwa wazi. Kielelezo kinachukuliwa. Angeweza kupiga simu sasa hivi na kesho kutwa mafundi wakaja na misumeno. Hata kama angeomba kikatwe kipande tu, ncha zote zilikuwa zimebanwa hadi sentimita ya mwisho; Nelson hakuacha hata kiganja. Ukikata ncha moja, kibanio kinalegea, na mto ule hausubiri fundi.

Aliinuka. Hapo ndipo alipouona. Nyuma ya nyumba ya msiba, kati ya migomba miwili, kamba ya kuanikia nguo. Ilikuwa inang'aa.

Mama aliyekuwa anaanika alikuwa amefunga khanga kifuani, nywele zimefungwa kitambaa cheusi. Elizabeth, mama mzazi wa Nelson. Kamba imebeba vitenge vya waombolezaji na shati moja la kiume la samawati.

"Ndaga, mama," alisema Georgina, akimsalimu kwa lugha ya pale, kwa matamshi ya Bukoba. "Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Ndaga, mwanangu." Aliangalia sare, akaangalia mikono ya Georgina iliyochafuka grisi, akaangalia daraja. "Umetoka kushika waya."

"Ndiyo, mama."

"Hezroni amesema?"

"Hezroni hajasema kitu. Siku tisa."

Elizabeth alitikisa kichwa polepole. Alishika nguo ya maji, hakuianika. "Mimi Nelson aliniambia kazini wamewapa waya uliobaki. Nikamwambia Mungu awabariki wazungu wa meli." Aliikamua ile nguo. "Sasa niambie wewe. Mtoto wangu aliuawa na waya gani?"

Georgina alikuwa amewahi kupeleka habari mbaya kwenye nyumba nyingi. Hakujua njia nzuri, akapita ile fupi. "Wa zamani, mama. Ule ambao ulitakiwa kutolewa ili huu ufungwe."

Upande wa pili wa nyumba wanawake walikuwa wanaimba pambio chini kwa chini. Elizabeth alisikiliza kama mtu anayengoja mstari uishe.

"Kwa hiyo alijua," alisema. "Kila akienda majini alijua."

"Alijua."

"Na Hezroni amefungwa kwa ajili hiyo."

"Kesho anapelekwa mahakamani. Nikitaka atoke nahitaji waya huu uonekane, na nahitaji Hezroni aseme. Na vikishaonekana, mama, itaandikwa kwamba Nelson alichukua mali isiyo yake na kusaini uongo. Na siwezi kukuahidi watakaosoma wataliacha daraja. Nitaandika kwamba kielelezo kinatosha. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Mama yule hakulia. Aliweka nguo ya maji kwenye beseni. Akaanza kuvua vitenge kimoja kimoja, akavikunja, akavibeba begani. Shati la samawati akalivua mwisho. Akaenda kwenye mgomba wa kwanza, akafungua fundo kwa vidole vyake vya kilimo, akaenda wa pili, akaukunja ule waya duara kama mtu anayekunja kamba ya mbuzi. Mita nne hivi.

"Alikata kipande hiki kilichobaki, akasema mama usichafue nguo kwenye majani," alisema, akampa. "Chukua huu. Na ukiandika, andika yote. Usiandike nusu ya wizi ukaacha nusu ya mto."

"Nitaandika yote."

"Na huyo Hezroni mwambie matanga tunaondoa kesho. Nafasi yake ipo."

Georgina alipofika kwenye gari aligeuka. Elizabeth alikuwa analitandaza shati la mwanawe juu ya majani ya mgomba, analinyoosha kola.

Saa kumi na moja na robo, Hezroni aliletwa tena kwenye chumba kidogo. Chai ilikuwa imepoa bila kuguswa. Georgina alifunga mlango. Aliweka ule mduara wa waya mezani, mbele yake, na pale lilipokuwa fundo la mgomba utomvu mweusi bado umeganda kwenye chuma.

Hezroni aliutambua mara moja. Mkono wake ulikwenda, ukasita, ukaugusa.

"Umemvulia mama kamba yake?"

"Ameivua mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Kwa mikono yake. Amesema niandike yote. Amesema kesho nafasi yako ipo."

Mabega mapana yale yalianza kutikisika. Georgina aliangalia ukutani, kwenye kalenda ya mwaka jana, mpaka yalipotulia. Nje alimsikia Nsajigwa anamwambia mtu wa zamu kwamba Nahodha Wenceslaus ameshapigiwa simu, anakuja na kitabu chake.

"Daraja?" aliuliza Hezroni.

"Halijaguswa."

Alijifuta uso kwa kiwiko. Akasogeza kiti, safari hii akakikalia chote.

"Lete karatasi, afande. Andika hivi. Kila tulipopandisha waya, Nelson alitusukuma wote nyuma ya mlingoti, uliko usukani wa winchi, akasimama pale mbele peke yake. Tulikuwa tunamcheka. Mpaka siku ulipokatika tulidhani anaringia kazi."